Theluthi ya Meya wa St. Louis na Wasia Wetu: Maswali ya Wasomaji

Katika toleo lililopita safu hii ilieleza kwa ufupi habari ya Bryan Mullanphy, aliyewahi kuwa meya wa mji wa St. Louis katika jimbo la Missouri, Marekani, ambaye alifariki mwaka 1851 na kuuachia mji huo theluthi moja ya mali yake ili iwasaidie wahamiaji maskini waliokuwa wakipita hapo kwenda kufanya makazi katika sehemu za magharibi za nchi hiyo. Barua zilizotufikia kutokana na habari hiyo ni nyingi kuliko tulivyotarajia, na baadhi yake zinatoka katika nyumba ambazo msiba bado haujapoa. Nimechagua tatu, na majina ya walioandika nimeyaacha kwa makusudi.

*Assalamu alaykum. Baba yetu alifariki mwaka jana na kuacha nyumba yenye vyumba vya kupangisha hapa Magomeni pamoja na shamba la minazi Mkuranga. Wakati wa uhai wake alikuwa akisema mara kwa mara kwamba fungu katika mali yake liende kwenye madrasa aliyosomea utotoni, lakini hakuandika kitu. Tumezaliwa saba, watano tunataka kauli ya mzee itimizwe, wawili hawataki. Niliposoma habari ya yule meya nilistaajabu kukuta theluthi, kiasi kilekile tunachofundishwa sisi. Wao waliitoa wapi? Na je, ndugu zake waliridhia? — Msomaji, Magomeni.*

Wa alaykumu ssalaam, ndugu yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wenu.

Theluthi ya Mullanphy aliichagua mwenyewe. Hakuwa na mke wala mtoto, kwa hiyo hapakuwa na mtu ambaye sheria ingemkatia fungu la lazima kabla ya wasia wake kusomwa. Aliandika wasia huo mwezi Agosti 1849, na mwaka huo unaeleza mengi. Mwezi Mei moto ulikuwa umeanzia kwenye meli moja bandarini, ukateketeza meli nyingine nyingi na sehemu kubwa ya maduka ya mjini; kisha kipindupindu kikaua zaidi ya watu 4,000 katika mji huohuo; na wakati wote huo makundi ya watu waliosikia habari za dhahabu ya California yaliendelea kushuka kutoka melini, wengine wakiwa wagonjwa, wengine wakiwa wameishiwa nauli kabla hata ya kununua ng'ombe wa kukokota mkokoteni. Mtu aliyekuwa meya miaka miwili tu kabla ya hapo alikuwa akiwaona kila siku. Kutoa nako alikuzoea tangu nyumbani: baba yake, John Mullanphy, Mwairishi aliyefika St. Louis mwaka 1804 na kutajirika kwa biashara na ardhi, aliwapa watawa nyumba mwaka 1827 kwa sharti la kulea yatima 20, na mwaka uliofuata akawasaidia watawa wengine kufungua hospitali.

Hata hivyo, mshangao wako una msingi, kwa sababu kuna mahali Marekani ambapo theluthi iliandikwa katika sheria yenyewe. California, ambayo ilikuwa bado nchi changa ya walowezi na wachimba dhahabu, iliweka katika miaka ya 1870 kanuni kwamba mtu mwenye warithi wa kisheria hawezi kuacha kwa hisani zaidi ya theluthi ya mali yake, na kwamba wasia wa namna hiyo lazima uwe umeandikwa angalau siku 30 kabla ya kifo. New York ilikuwa imetangulia mwaka 1860 kwa kuweka kikomo cha nusu kwa mtu aliyeacha mke au mume, mtoto au mzazi. Hofu ya watunga sheria hao ilikuwa moja: mgonjwa aliyekata tamaa, akiwa amezungukwa na watu wanaomwahidi malipo ya akhera, anaweza kutoa kila kitu na kuwaacha wanawe wakiomba.

Wewe umefundishwa jambo hilo kwa njia nyingine. Saad bin Abi Waqqas, swahaba wa Mtume, alipokuwa mgonjwa na mrithi wake wa karibu akiwa ni binti mmoja, aliomba ruhusa ya kutoa theluthi mbili za mali yake, akakataliwa. Akaomba nusu, akakataliwa. Akaomba theluthi, naye Mtume akamjibu kwamba theluthi inatosha na hata hiyo ni nyingi, kwani kuwaacha warithi wakiwa na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Sidai kwamba wabunge wa California waliyajua mafundisho hayo. Ninachokiona ni kwamba watu waliotazama hatari ileile kitandani pa mgonjwa walifikia mpaka uleule.

Kuhusu swali lako la pili: baadhi ya warithi wa Mullanphy hawakuridhia. Walifungua kesi wakidai kwamba mji hauna mamlaka ya kushika mali kama mdhamini, na kwamba maneno «wahamiaji na wasafiri maskini» hayamtaji mtu yeyote anayejulikana, hivyo hakuna wa kupokea. Shauri hilo lilifika hadi Mahakama Kuu ya Missouri, ambayo iliamua mwaka 1860, miaka tisa baada ya kifo, kwamba wasia unasimama. Nimeutazama wasia huo mara nyingi na kila mara nastaajabia ufupi wake. Ulitaja kiasi, yaani theluthi. Ulimtaja atakayeishika mali, yaani mji wa St. Louis, ulitaja shabaha, yaani kuwasaidia maskini waliokuwa safarini kwa nia ya kweli ya kuhamia magharibi, na ulitaja watekelezaji wawili. Hoja za warithi zilikuwa nzito, na kama lolote kati ya hayo manne lingekosekana, sidhani kama wasia huo ungesalimika.

Sasa turudi Magomeni. Kauli ya mzee wenu si batili kwa sababu tu haikuandikwa, bali itabidi ithibitishwe. Kwa misingi ya Kiislamu mnahitaji mashahidi waadilifu walioisikia akiusia, wala haitoshi wao kusema kwamba alikuwa akiipenda madrasa ile. Na kama mahakama itaona kwamba mirathi yenu inafuata sheria ya mila, kanuni zilizotangazwa mwaka 1963 zinataka wasia wa mdomo uwe na mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Jambo la kwanza, basi, ni kukaa na hao ndugu wawili na kuwauliza kwa utulivu nini hasa wanachokataa. Huenda hawapingi sadaka. Huenda wanapinga kiasi, kwa kuwa «fungu» ni neno lisilo na kipimo, au wanahofia atakayezishika fedha. Hofu zote mbili ni za haki.

Iwapo ushahidi hautapatikana, ninyi watano mnaweza kutoa kwa hiari katika mafungu yenu baada ya mgao, nanyi hamtahitaji idhini ya mtu. Msiguse mafungu ya wale wawili, wala la mrithi yeyote ambaye hajafikia umri wa utu uzima. Na kumbukeni kwamba theluthi huhesabiwa baada ya gharama za mazishi na madeni kulipwa, ikiwa ni pamoja na mahari aliyokuwa akidaiwa na mama yenu kama ilikuwa haijakamilika.

Neno moja zaidi kuhusu nyumba. Mullanphy aliacha theluthi «isiyogawanywa», maana yake mji ulikuwa na hisa katika kila kiwanja pamoja na warithi, na kila jambo kuhusu kiwanja hicho lilihitaji kushughulikiwa kwa pamoja. Nyumba ya kupangisha yenye wamiliki wanane, mmoja wao akiwa madrasa, italeta ugomvi wa kodi kila mwezi. Nawashauri muithamini mali, mkubaliane kiasi cha fedha au mkate sehemu ya shamba inayotosha, kisha mkabidhi kwa wadhamini wa madrasa waliosajiliwa kisheria. Kama madrasa haina wadhamini waliosajiliwa, waelekezeni kwanza RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na msikabidhi kitu mikononi mwa mtu binafsi hata akiwa mcha Mungu kiasi gani.

*Shikamoo mwandishi. Mimi ni mjane, nina watoto wanne, naishi Mbagala. Nilipata kusoma kwamba walowezi wa Marekani walikuwa wakimwandikia mtoto dola moja katika wasia. Je, lilikuwa tusi? Na wajane wao walipata nini? Nauliza kwa sababu mashemeji zangu wameniambia kwamba mke si mrithi, na wameshachukua kadi ya bodaboda ya marehemu. — Mama wa wanne, Mbagala.*

Marahaba, mama, na pole sana.

Dola moja mara nyingine ilikuwa ni hasira, lakini mara nyingi ilikuwa ni kinga. Katika majimbo mengi, Missouri likiwa mojawapo, sheria ilisema kwamba mtoto ambaye hakutajwa kabisa katika wasia wa mzazi wake alihesabiwa kuwa amesahauliwa, naye alistahili kupata fungu lilelile ambalo angelipata kama wasia usingekuwapo. Kwa hiyo baba aliyekwisha kumpa mwanawe mkubwa shamba na farasi siku ya harusi, na sasa akataka mali iliyobaki iwaendee wadogo, alimtaja kwa jina na kumwachia dola moja, ili asije mtu kudai kwamba mzee alipitiwa. Natamani wazee wetu wangeiga jambo hilo, si kwa kuandika shilingi moja, bali kwa kutaja wazi kwamba fulani alikwisha kupewa kiwanja mwaka fulani. Nimeona familia zikipelekana mahakamani miaka kumi kwa sababu ya zawadi ya harusi ambayo hakuna aliyeiandika.

Kuhusu wajane, tazama sheria iliyopitishwa mwaka 1787 kwa ajili ya nchi iliyokuwa kaskazini magharibi ya mto Ohio, ambako leo kuna majimbo kama Ohio, Indiana na Illinois. Ilisema kwamba mtu akifa bila wasia, mali yake igawanywe sawasawa kwa watoto wake. Kwamba watoto wa mtoto aliyetangulia kufa wachukue fungu la mzazi wao. Kwamba pasiwe na tofauti kati ya ndugu wa baba na mama mmoja na ndugu waliochangia mzazi mmoja tu. Na kwamba mjane abaki na theluthi ya ardhi kwa maisha yake yote, pamoja na theluthi ya mali inayohamishika. Uingereza wakati huohuo ilikuwa bado inampa mtoto wa kiume wa kwanza ardhi yote pale ambapo hapakuwa na wasia, hivyo utaona ukubwa wa mageuzi hayo.

Lakini theluthi ya ardhi ya mjane ilikuwa ya kutumia tu. Alilima, alivuna, alipangisha, wala hakuweza kuiuza iwe yake moja kwa moja wala kumwachia amtakaye, kwa sababu baada yake ilirudi kwa warithi wa mumewe. Na kabla hajafikia hapo alipita kwenye mnada. Msimamizi wa mirathi aliweka dhamana mahakamani, majirani walioteuliwa wakaja kuandika orodha ya mali na thamani yake, kijiko kwa kijiko, kisha vitu vikauzwa uani ili madeni yalipwe, kwa kuwa walowezi wengi walikuwa na ardhi bila fedha taslimu. Sheria za majimbo zilimwachia mjane baadhi ya vyombo vya nyumbani na chakula cha kumtosha kwa muda. Vingine, kama alivitaka, alivinunua kwa kushindana na majirani.

Siwezi kuzungumzia orodha hizo bila kusema kwamba katika Missouri, Kentucky, Tennessee na Texas ziliandikwa ndani yake pia majina ya watu: mama, bei yake, mtoto wake, bei yake, kisha jembe, kisha farasi. Mirathi ilipogawanywa, mama alimwendea mrithi mmoja na mtoto akamwendea mwingine. Sisi tunaoishi mwendo wa saa chache kutoka Bagamoyo hatuhitaji kuelezwa maana yake. Na ardhi yenyewe iliyokuwa ikigawanywa kwa uangalifu huo, sehemu kubwa ya Missouri ilikuwa ya Waosage, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani, hadi mkataba wa mwaka 1808 uliowaondolea. Ukarimu wa wasia wa nchi ile uangaliwe pamoja na hayo.

Sasa jambo lako. Mashemeji zako wamekosea katika mambo mawili. Kwanza, kama marehemu alikuwa Mwislamu, wewe ni mrithi kwa andiko: thumuni, yaani sehemu moja kati ya nane, kwa kuwa ameacha watoto. Kama alikuwa Mkristo ambaye maisha yake yalikuwa yamejitenga na mila, mahakama inaweza kutumia Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo mpaka leo inatumika nchini kwetu, nayo inampa mjane mwenye watoto theluthi na kuwaachia watoto theluthi mbili. Sheria ya mila ndiyo iliyo nyembamba zaidi kwa mjane, na ndiyo maana ndugu wa mume hupenda kuitaja. Lakini sheria ipi itumike huamuliwa na mahakama kwa kutazama maisha aliyoishi marehemu. Haiamuliwi na kikao cha matanga.

Pili, mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, hakuna shemeji, kaka wala baba mkwe mwenye haki ya kuuza au kuhamisha mali ya marehemu. Nenda Mahakama ya Mwanzo ya eneo lako ukiwa na cheti cha kifo, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Muhtasari wa kikao cha familia hutakiwa pia, lakini wakikataa kuketi nawe, eleza hivyo mbele ya hakimu. Wewe mwenyewe unaweza kuomba kuwa msimamizi. Kuhusu bodaboda, peleka nakala ya maombi yako kwa serikali ya mtaa ili ijulikane kwamba umiliki wake una shauri. Na kama unahofia gharama, yapo mashirika ya msaada wa kisheria hapa Dar es Salaam yanayowasaidia wajane bila malipo. Mtendaji wa mtaa au ofisi ya ustawi wa jamii watakuelekeza.

*Mheshimiwa mwandishi, naomba kujua wale wahamiaji walipokwisha, fedha walizoachiwa zilikwenda wapi. Mimi ni mstaafu, nina viwanja viwili Kigamboni, na ninakusudia kimoja nikiache kwa kituo cha kulelea yatima. Watoto wangu ni wakubwa na wanajitegemea. — Mzee wa Kigamboni.*

Shikamoo mzee wangu.

Kwa fedha za Mullanphy mji ulijenga nyumba ya wahamiaji mwaka 1867, na mwaka 1869 reli ya kuvuka bara ikakamilika, kwa hiyo watu walioshinda mjini wiki kadhaa wakitafuta mikokoteni wakaanza kupita kwa siku moja. Mali ilizidi kukua huku waliotajwa katika wasia wakipungua. Baadaye ilibidi shabaha ipanuliwe, fedha hizo zikawa za kuwasaidia wasafiri waliokwama, maana mahakama za huko zina kanuni kwamba sadaka ikikosa mlengwa, ielekezwe kwenye jambo lililo karibu zaidi na nia ya mtoaji. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini huja baada ya miaka ya mabishano ambayo mstari mmoja wa ziada ungeyazuia: «na wahamiaji wakikosekana, basi wasafiri wote wenye shida».

Tajiri mwingine wa nchi ile, James Lick wa California, alifuata njia tofauti. Mwaka 1874, akiwa hai, aliiweka mali yake mikononi mwa wadhamini na kuwagawia kazi: dola 700,000 kwa ajili ya kujenga kituo cha kutazamia nyota, na mafungu madogo kwa nyumba za yatima, kwa wanawake wazee na kwa mengineyo. Alipofariki mwaka 1876 mwanawe, ambaye alikuwa ametengewa sehemu ndogo ya utajiri huo, alilalamika, nao wadhamini wakaafikiana naye kwa fedha nyingi. Darubini ilisimama juu ya Mount Hamilton mwaka 1888, na Lick amezikwa chini yake. Mwana yule angeweza kuelezwa na kuridhishwa mapema kwa gharama ndogo zaidi.

Kwa hiyo, mzee wangu, kama una nguvu na hutakihitaji kiwanja hicho kwa matibabu au chakula, kitoe sasa. Kwa Mwislamu, wakfu unaofanywa katika afya njema haufungwi na theluthi, ambapo ule wa katika maradhi ya mauti huhesabiwa ndani yake. Kwa Mkristo ambaye mirathi yake itafuata ile Sheria ya Urithi ya India kuna sababu nyingine ya kufanya haraka: sheria hiyo ina kifungu kinachotaka wasia wa kuacha mali kwa dini au hisani, pale ambapo mtoaji ana ndugu wa karibu, uwe umeandikwa si chini ya miezi 12 kabla ya kifo, na uwe umewekwa mahali pa hifadhi ndani ya miezi sita tangu kuandikwa. Wengi hawakijui kifungu hicho mpaka siku kinapowaangukia.

Ukiamua kubaki na wasia, andika namba ya kiwanja kama ilivyo kwenye hati, maana «kiwanja changu cha Kigamboni» ni maneno yanayofaa viwanja vyote viwili. Andika jina la kituo kama lilivyosajiliwa na jina la wadhamini wake. Andika kiende wapi iwapo kituo kitakuwa kimefungwa. Kisha utie sahihi mbele ya mashahidi wasio wanufaika na uuhifadhi RITA au kwa wakili. Na Jumapili moja wanao watakapokuja kukusalimu, wasomee.